Nimehama na dampo la Dar kutoka Vingunguti mpaka Pugu

Mtaani kwetu huku Pugu wananiita mzee wa chupa, maana sasa hivi kazi yangu ni kununua machupa ya plastiki kwa waokotaji na kuwauzia wenye mashine za kusaga, ila kabla ya hapo nilikuwa utingo wa gari la taka na baadae dereva, miaka mingi tu mpaka mgongo ulipokataa. Dampo nimelikuta Vingunguti, nikaenda nalo Mtoni, nikaja nalo Pugu Kinyamwezi na mwisho nikanunua kiwanja huku huku. Wageni wanaohamia pande hizi kila siku wanauliza hili dampo lilianzaje na mbona linazidi kutusogelea, kwahiyo nimeona bora niandike ninavyolijua mimi kuliko kila mtu kusimulia lake.

Tuanzie Tabata, dampo la Dar lilipokuwa kabla ya hapo, bila Tabata huwezi kuielewa Pugu. Mimi kipindi hicho nilikuwa bado mdogo na tulikuwa mkoani, lakini shangazi yangu alikuwa amepanga jirani kabisa na dampo, na alivyokuwa anasimulia ni kwamba moshi ulikuwa hauzimi, mvua inanyesha na bado panafuka, nguo nyeupe ukianika asubuhi jioni unaanua za njano, na wakati wa kula lazima mmoja ale mwingine apepee nzi. Wakazi wakachoka wakaenda mahakamani, na mwaka 1988 Mahakama Kuu ikawapa ushindi, Jiji likaambiwa liache kumwaga taka pale na likatafute sehemu ambayo haitadhuru watu. Unadhani waliacha? Wapi! Wakawa wanarudi kuomba muda, wakipewa ukiisha wanaomba tena, mpaka 1991 wakaangukia mikononi mwa Jaji Lugakingira. Huyu mzee hakumung'unya maneno, alisema hajawahi kusikia popote pale mamlaka ya umma inakwenda mahakamani bila wasiwasi wowote kuomba ruhusa ya kuchafua mazingira na kuhatarisha maisha ya watu, akawakumbusha Ibara ya 14 ya Katiba, kwamba kila mtu ana haki ya kuishi na jamii inapaswa kuyalinda maisha yake. Leo kuna kituo cha daladala kinaitwa Tabata Dampo, watu wanashuka pale wamependeza wanaenda zao nyumbani, wengi wala hawajui kwamba wanatembea kwenye eneo lililoandikwa kwenye vitabu vya sheria.

Sasa taka hazikuyeyuka kwa sababu jaji kaamua. Zikapelekwa Kunduchi Mtongani, eneo ambalo kwenye mpango wa mji ni makazi ya watu, na wakazi 795 nao wakatinga Mahakama Kuu mwaka huo huo wa 1991, nao wakashinda. Mimi hizi kesi nazipenda sana na nawaheshimu waliozifungua maana haikuwa rahisi, enzi hizo kuishtaki serikali watu wanakuona umechanganyikiwa. Ila ukiwa umekaa kwenye gari la taka unaziona kwa upande mwingine kidogo. Kesi ilikuwa inasema hapa basi, hakuna aliyekuwa anasema basi ziende wapi na nani atalipa mafuta ya kuzifikisha. Kwahiyo dampo likawa linawakimbia wenye wakili linawafuata wasio na wakili, na kila likikimbia barabara inarefuka.

Vingunguti ndo nilipoanza kazi, mwishoni mwa miaka ya 90. Wakati huo kampuni binafsi zilikuwa zimeshaanza kupewa kazi ya kuzoa taka mjini, na mimi nikaunganishwa na mjomba kwenye moja ya hizo kampuni kama utingo wa deiwaka, leo unaitwa kesho huitwi. Vingunguti kulikuwa na machinjio, kulikuwa na mabwawa ya majitaka, na juu yake wakaletewa dampo, yaani kama kuna mtu alikuwa anasambaza harufu basi aliamua kushushia mzigo wote kituo kimoja. Tulikuwa tunamwaga kwenye makorongo upande wa bonde la Msimbazi. Na hapa kuna jambo ambalo wasomi huwa hawaliandiki, kuna wenye nyumba za ukingoni walikuwa wanatuita wenyewe, wanatuomba tumwage nyuma ya nyumba zao, sababu kila masika bonde lilikuwa linamega uwanja wao na taka ndo ilikuwa kifusi cha bure. Mama mmoja alikuwa anatupa chai kabisa ili gari lipinde kwake kwanza. Baada ya miaka miwili mitatu unakuta juu ya zile taka ameongeza chumba cha kupangisha, sakafu imepasuka katikati maana chini panashuka taratibu, na mpangaji anakaa humo humo. Kwahiyo ukisikia dampo limewafuata watu, kubali, ila ujue kuna mahali watu waliliita kwa mkono.

Mtoni sitakaa sana. Tulihamia miaka ya 2000, upande wa Temeke karibu na bonde la mto Kizinga, na tope la pale Mungu ndo anajua. Kitu kikubwa nilichokipata Mtoni ni elimu ya gesi. Baada ya taka kuacha kumwagwa pale ulikuja mradi wa Wataliano wa kuvuta gesi ya dampo, ukiwa chini ya yale mambo ya hewa ukaa ya mkataba wa Kyoto, ule wa nchi kupunguza hewa zinazoongeza joto la dunia, wakatoboa visima kwenye taka wakaingiza mabomba, gesi inavutwa inaenda kuchomwa kwenye mtambo. Nilikuwa napita pale kumtembelea mshkaji wangu aliyepata ulinzi, na fundi mmoja akatueleza vizuri kabisa: maganda ya ndizi na mabaki ya chakula yakifukiwa yakakosa hewa, vijidudu vinavyoyala vinatoa methane, na methane ikiachiwa hewani inaongeza joto la dunia kuliko hewa ukaa kwa zaidi ya mara 20, bora uichome. Hapo ndo nikaelewa ule moshi wa shangazi. Dampo huwa haliwashwi na kiberiti peke yake, likishika moto linaungua kwa ndani kwa ndani, juu unamwaga maji chini linaendelea na shughuli zake. Waokotaji wanajua hili kwa miguu yao, ukikanyaga sehemu ina joto kwenye soli ya kandambili unaondoka haraka, maana juu pameganda vizuri na chini yake kuna shimo la majivu.

Halafu ikaja Pugu Kinyamwezi, mwaka 2007 hivi tukaanza kuizoea. Ni kama kilomita 30 na ushee kutoka katikati ya mji. Kipindi hicho ukipita Gongo la Mboto kuelekea huku unakutana na mikorosho, viwanja vingi vitupu, nyumba moja moja. Wakubwa walisema hapa sasa tumefika, mbali na watu, hakuna atakayelalamika.

Umbali huo ndo kila kitu na naomba nieleze taratibu. Gari la taka halilipwi kwa kuwa barabarani, linalipwa kwa tripu. Kutoka Buguruni kwenda Vingunguti ulikuwa unapiga tripu nyingi mpaka unachoka. Kwenda Pugu, ukiweka foleni ya barabara ya Nyerere, ukiweka foleni ya getini, ukiweka pancha, siku nzuri unapiga mbili na siku mbaya moja. Waliokuwa wanatoka Tegeta na Bunju ndo usiseme, wanavuka mji mzima na mzigo unadondosha maji njia nzima, turubai lenyewe limetoboka. Sasa gari zilezile, dizeli imepanda, tripu zimepungua nusu, taka zinabaki wapi? Zinabaki sokoni, zinabaki kwenye kontena limefurika mpaka mbuzi wanapanda juu, na usiku kuna wenye maguta na mikokoteni wanazimaliza mtoni na kwenye mitaro, ndo hizo mvua zikija unaziona zimeziba daraja na maji yameingia ndani kwa watu. Kila dampo lilipohama halikuondoka na taka zote. Sehemu fulani ya taka iliachwa njiani, na ilikuwa inaongezeka kadri barabara inavyorefuka.

Na watu nao walikuwa wanaongezeka. Sensa ya 1988, mwaka ule ule wa hukumu ya Tabata, Dar ilikuwa na watu milioni 1.36. Mwaka 2002 tukawa milioni 2.49, 2012 tukafika milioni 4.36, na 2022 milioni 5.38. Hao wote wanakula, na kwa hali ya Dar zaidi ya nusu ya kinachotoka jikoni na sokoni ni vitu vya kuoza, maganda, mabua, vichwa vya samaki, nyanya zilizoharibika. Vizito, vina maji, na ndivyo tulivyokuwa tunavisafirisha kilomita 30.

Haya, kuhusu kutanuka. Watu wanafikiri dampo hutanuka kwa mpango, kwamba kuna mtu ana ramani ofisini anasema mwaka huu tuchukue ekari hizi. Nilivyoona mimi linatanuka kwa tope. Kiangazi gari linaingia mpaka mwisho kabisa, linamwaga, katapila linasukuma na kushindilia, kila mtu na hamsini zake. Masika ikija njia ya ndani inakuwa uji, tipa likiingia halitoki, linavutwa na katapila na ekseli inakatika, kwahiyo dereva anafanya nini? Anamwaga pale anapoweza kugeuza. Wa nyuma yake anamwaga nyuma yake. Kila wiki ya mvua mdomo wa dampo unarudi nyuma kuelekea barabarani na kuelekea kwa watu, na mvua zikikata ule mlima mpya uliowekwa mbele hakuna anayeurudisha ndani, unasawazishwa hapo hapo na hapo ndo panakuwa mpaka mpya. Ongeza na katapila kuharibika. Katapila likifa, taka hazishindiliwi, na taka isiyoshindiliwa inakula nafasi kubwa zaidi ya ile iliyokandamizwa vizuri, kwahiyo bonde ambalo lingechukua miaka linajaa mapema. Dampo zote nilizofanyia kazi zilikuwa na katapila limepaki linasubiri spea.

Kuna injinia mmoja alikuja na vijana wa chuo nikawa nawazungusha, akawaonyesha kwa kijiti kwenye mchanga dampo la kisasa linavyotakiwa kuwa: chini tabaka la mfinyanzi ulioshindiliwa, juu yake plastiki nzito, halafu kokoto na mabomba ya kukusanya yale maji meusi yapelekwe kwenye bwawa, taka zinawekwa kwa vyumba vyumba, na kila jioni zinafunikwa udongo kama sentimita 15. Mimi nikacheka, nikamuuliza huo udongo wa kila jioni nani ataulipia? Na yeye akacheka. Lakini hakuwa anaota, madampo ya namna hiyo yamejengwa kwenye miji mingine hapa hapa nchini, Dodoma wanalo Chidaya. Dar yenye taka nyingi kuliko wote ndo ilibaki inamwaga juu ya ardhi tupu, na maji meusi yanashuka bondeni yanakojua yenyewe. Visima vya huku bondeni mi maji yake sinywi, naogea kwa shingo upande.

Kiwanja nilinunua nikijua. Bei ilikuwa ya chini na mimi nilikuwa najua upepo unavumia wapi miezi gani, najua maji yanashukia wapi, nikachagua upande wa juu. Watu wengine wakaja baadae kwa sababu tofauti, barabara ikaboreshwa, umeme ukafika, halafu reli ya SGR ikaja na stesheni Pugu, na safari za Dar Morogoro zilipoanza Juni 2024 madalali wakachangamka mno. Dalali anakuleta saa nne asubuhi mwezi wa nane, upepo unapeleka kule, jua limewaka, anakuonyesha mikorosho. Unalipa. Mwezi wa nne unampigia simu na hapokei. Ndo maana naona hizi kelele za sasa kwamba dampo limetufuata zina ukweli nusu, maana dampo lilikuja kwenye mapori, na mji ukalifuata kwa miguu yake, na tope likalisukuma dampo kuja kuupokea mji, wamekutana katikati.

Kitu kinachonikosesha usingizi siyo harufu, harufu unazoea. Ni ule mlima. Machi 2017 dampo la Koshe kule Addis Ababa liliporomoka likafukia nyumba, wakafa watu zaidi ya 110. Mwaka uliofuata Maputo, dampo la Hulene, mvua kubwa usiku, watu 17. Agosti 2024 Kiteezi pale Kampala, zaidi ya 30. Zote ni habari ileile ukiisoma kama mtu wa dampo: taka zimerundikwa juu zaidi ya uwezo wake, pembeni pamesimama wima, hazikushindiliwa, mvua imelowanisha ndani zimekuwa nzito na zinateleza, na chini wamejenga watu ambao ama waliokota maisha hapo au hawakuwa na pa kwenda. Baada ya Kampala nilienda na fimbo nikapanda juu kuangalia nyufa, kama zile za kwenye bonde kabla halijamega. Vijana wakawa wananicheka, "mzee wa chupa amekuwa injinia". Nikawaambia chekeni, ila kibanda cha kupumzikia kihamisheni kitoke chini ya ukingo. Wakakihamisha, sijui kwa kuniheshimu au kwa kunichoka.

Hao vijana nao niwaseme kidogo, maana wakija watu wenye kamera huwa wanawafanya wote wa kuhurumiwa tu. Muokotaji mzoefu ana jicho. Gari likiinua bodi tu anajua limetoka wapi, la Kariakoo lina maboksi, la Oysterbay lina chupa na makopo, la sokoni hana haja nalo. Chupa za maji anatoa karatasi na kizibo, kizibo kinaenda kiroba chake peke yake maana ni plastiki nyingine, chupa ya mafuta ya kula anaitupa kule maana mimi mwenyewe nitaikataa, inachafua mzigo mzima. Mifuko ya rambo ilipopigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019 tulidhani dampo litapungua, kweli zile zinazopeperuka na kunasa kwenye mikorosho zilipungua sana, lakini vifungashio na nepi za watoto zikachukua nafasi, na nepi hainunuliwi na mtu. Wengi wa hao vijana wana watoto shuleni kwa hela ya dampo. Ukija na wazo la kufunga dampo anza na wao, usipowahesabu watahamia dampo jipya kabla hata gari la kwanza halijafika, nimeliona hilo Mtoni na nimeliona Pugu, sura zilezile.

Kama nimeulizwa, mimi ningeanzia sokoni. Kinondoni walijenga kiwanda cha mboji kule Mabwepande kwa kushirikiana na Wajerumani wa Hamburg, taka za kuoza zinageuzwa mbolea, na kwangu hiyo ina akili kuliko dampo lolote jipya, kwa sababu inakata ule mzigo wa maji ambao tumeusafirisha miaka yote. Ganda likibaki Mabwepande halipigi tripu ya Pugu, halitoi methane bondeni kwangu, halilainishi mlima. Weka vya namna hiyo Temeke, weka Ilala, weka jirani na masoko makubwa, hata kama ni vidogo. Shida ni kutenganisha, mfanyabiashara wa soko anakuchanganyia ganda, nailoni na betri kwenye kiroba kimoja alafu anadai amelipia tozo, na amelipia kweli, huwezi kumlaumu wakati ameshaona mara kibao akitenganisha gari linakuja linachanganya tena mbele ya macho yake.

Juzi kuna kijana kanipigia, kapewa namba na mtu, shikamoo mzee, marahaba, anataka kununua kiwanja huku na dalali kamwambia dampo linahamishwa mwakani. Nikamwambia mwanangu, hilo la mwakani nalisikia tangu watoto wangu wako shule ya msingi. Usinunue mwezi huu. Njoo masika, tena njoo jioni mvua ikiwa imenyesha siku mbili tatu mfululizo, uache gari barabarani utembee kwa miguu, uangalie maji ya mtaro yana rangi gani na yanatokea wapi, uulize wenye visima, halafu usimame hapo kiwanjani usubiri magari ya taka yapite uone yanamwagia wapi siku hiyo. Akaniuliza kwani mzee wewe unauza chako? Nikamwambia changu siuzi, kiko upande wa juu.